Theluji Iliyovuka Tarehe Yake: Kupunguza Mashaka katika Makadirio ya Joto la Milimani

Mhadhara wa wazi uliotolewa Moshi



Naanza na swali nililoulizwa kwenye geti la Machame. Kijana mmoja mpagazi alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, anasubiri zamu ya mizani. Alipojua kwamba kazi yangu ni hali ya hewa, akanitazama, akacheka kidogo. "Mwalimu," akasema, "si mlisema theluji inaisha 2020? Mbona juzi nimetoka kuikanyaga?"

Sikumjibu vizuri. Foleni ilisogea, mzigo wake ukapanda mizani, naye akaenda zake. Mhadhara huu ni jibu langu lililochelewa.

Mlima wenyewe, Kilimanjaro, umezoea kubishaniwa na watu walio mbali nao. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na mabingwa wa jiografia waliokaa London wakamwambia macho yake yamemdanganya. Wakati ule ubishi ulikuwa kama theluji ipo. Leo ubishi ni lini haitakuwepo.

Tarehe aliyoitaja yule kijana haikutoka hewani. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walitoboa barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huu, na kushuka na vipande vyake kwa ajili ya maabara. Walilinganisha pia ramani. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki kama mbili na nusu. Mwaka 2002 wakaandika katika jarida la Science kwamba hali ikiendelea vilevile, barafu iliyobaki huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Neno "ikiendelea" likadondoka njiani. Magazeti yalibeba tarehe, yakaliacha sharti.

Tarehe ikapita, barafu ikabaki. Lakini ilibaki ikiwa imekonda. Kufikia 2011 zilikuwa zimesalia kilomita za mraba 1.76, yaani takribani asilimia 85 ya barafu ya 1912 ilikuwa imekwenda, na imeendelea kwenda. Waliosema inapungua walisema kweli. Kilichoteleza ni tarehe, na kiliteleza kwa sababu inayoeleweka: mtu anayevuta mstari juu ya ramani mbili anajua kitu kinapungua, ila mstari haumwambii kinakufaje. Hoja yangu ya jioni hii iko hapo. Makadirio ya joto la milimani hayatakaza kwa kuvuta mistari mirefu zaidi. Yatakaza tukijua joto linafanyaje kazi mahali penyewe, tukapima kwa uaminifu na kwa muda mrefu, kisha tukawapa mtihani wale wanaotuambia ya kesho kwa kuwauliza ya jana.

Barafu inakufaje

Wengi tunadhani barafu ya Kibo inayeyuka kama donge lililosahaulika juu ya meza. Pale juu, karibu mita 5,900, wastani wa joto wa mwaka uko kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu ya mahali kama hapo haina haraka ya kuwa maji. Sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja, kama nguo iliyoganda kwenye kamba inavyokauka bila kudondosha tone. Safari hiyo ni ghali: kilo moja ya barafu kugeuka mvuke hutaka nishati zaidi ya mara nane ya ile inayotosha kuigeuza maji. Nishati hiyo inatoka hasa kwenye jua. Ndiyo maana aliyefika kileleni ameona kingo za barafu zimesimama wima kama kuta za nyumba: jua huzichonga ubavuni, na ukuta uliosimama wima hauwezi kushika theluji mpya ili unenepe tena.

Tunajua haya kwa sababu kuna mtu aliyeacha chombo pale juu. Februari 2000, Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha kituo cha hali ya hewa juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini. Namba zake ziliwapa kina Georg Kaser, Thomas Mölg na Nicolas Cullen uwezo wa kuandika daftari la mapato na matumizi ya barafu: mwanga gani umeingia, mvuke kiasi gani umetoka, theluji kiasi gani imeanguka.

Daftari hilo lilitoa jambo ambalo ramani peke yake isingelitoa. Theluji mpya ni nyeupe. Hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Barafu kuukuu yenye vumbi humeza sehemu kubwa ya mwanga huohuo. Kwa hiyo vuli moja nzuri huivika barafu shuka jeupe na kuiongezea maisha, na masika mabovu huiacha uchi juani. Kaser na wenzake walionesha pia kwamba kukonda kulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka na Ziwa Victoria likashuka. Barafu ya Kibo, basi, ni kipimamvua kabla ya kuwa kipimajoto.

Asitoke mtu hapa akasema Mwalimu amekanusha ongezeko la joto. Joto linapanda, na bahari inayopata joto ndiyo hiyohiyo inayoamua mvua zetu zianguke wapi. Ninachosema ni kwamba kati ya joto la dunia na barafu ya Kibo kuna mlolongo: bahari, upepo, unyevu, wingu, theluji, mwanga. Kila pete ya mnyororo huo ina mashaka yake. Aliyezijumlisha zote katika mstari mmoja lazima apishane na tarehe.

Mashaka matatu, dawa tatu

Tunaposema makadirio yana mashaka, tunachanganya mambo matatu ambayo Ed Hawkins na Rowan Sutton waliyatenganisha vizuri mwaka 2009.

La kwanza ni hiari ya wanadamu. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, dunia ikibana gesijoto kwa nguvu, joto la mwishoni mwa karne litazidi lile la 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.8 hivi, ikiendelea kuchoma bila breki, ongezeko litafika 4.4. Pengo hilo hakuna kipimajoto wala kompyuta itakayolifunga. Litafungwa kwenye meza za serikali, mitambo ya umeme na magari.

La pili ni ujuzi wetu wenyewe. Chukua modeli thelathini za kompyuta, zipe gesi ileile, zitakuletea majibu tofauti, kwa sababu kila moja inaelewa wingu, udongo na theluji kwa namna yake. Hapa ndipo mahali pa kazi ya mwanasayansi.

La tatu ni mwendo wa asili. Kuna El Niño. Kuna Bahari ya Hindi, ambayo mwaka mmoja hupata joto upande wetu na kutumwagia vuli kama ile ya 2019, na mwaka mwingine hutunyima. Kadiri mahali panavyokuwa padogo na muda unavyokuwa mfupi, ndivyo mawimbi haya yanavyoficha mwelekeo. Dunia nzima kwa miaka 80 ina mwelekeo ulio wazi. Kilele kimoja kwa miaka kumi kinaweza kumdanganya hata mtu mwangalifu.

Anayeahidi kupunguza mashaka bila kusema ni yapi kati ya haya matatu anauza dawa bila kumpima mgonjwa.

Mlima ndani ya mraba

Tuanze na ujuzi. Modeli nyingi za dunia huigawa ardhi katika miraba yenye upana wa kilomita 100 hivi, na kila mraba hupewa kimo kimoja, joto moja na mvua moja. Chora mraba huo kwetu: Moshi, Machame, sehemu ya Rombo na nyika za Amboseli upande wa Kenya, vyote vimo. Kibo na kilele mwenzake Mawenzi vimesagwa pamoja na mbuga, vikawa kilima cha wastani ambacho hakuna mpagazi angedai malipo kukipanda.

Ndani ya mlima halisi, kati ya mji wa Moshi na kilele kuna karibu mita 5,000 za kimo na nyuzi 30 za joto: migomba na kahawa, msitu wa mawingu, vichaka, jangwa la mawe, barafu. Asubuhi upepo hupanda mlima ukibeba unyevu wa msitu, na mchana ndipo mnaona Kibo kimejifunika. Usiku hewa baridi hushuka. Katika mraba wa kilomita 100 upepo huo haupo, na kama haupo hauwezi kubadilika.

Jibu rahisi ni kuifanya miraba iwe midogo. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilifanya hivyo katika modeli iitwayo CP4-Africa, yenye miraba ya kilomita 4 na nusu hivi kwa Afrika nzima, ambamo dhoruba ya mvua hujengeka yenyewe badala ya kukisiwa. Ni kazi nzuri. Ila gharama ya kompyuta ilikuwa kubwa kiasi kwamba iliendeshwa kwa miaka kumi ya sasa na miaka kumi ya baadaye tu. Modeli moja yenye macho makali hukuonesha mlima vizuri, lakini haikwambii wenzake ishirini na tisa wangeona nini. Upana wa mashaka hauonekani kwa shahidi mmoja, hata awe mkweli namna gani.

Na hata mashahidi wengi wanaweza kukosea pamoja. Kwa miaka mingi modeli nyingi zimesema mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka. Lakini kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, masika yalikuwa yakipungua. Watafiti wanaliita jambo hili fumbo la Afrika Mashariki. Kwa mlima ambao barafu yake huishi kwa theluji ya masika na vuli, fumbo hilo si dogo, maana tusipojua wingu litakwenda wapi, hatujui jua litafika kiasi gani wala usiku utapoa kiasi gani.

Je, juu kunapata joto upesi zaidi?

Hili ndilo swali kubwa la milima yote, kuanzia Andes hadi uwanda wa Tibet, ambao uko juu ya mita 4,000 kwa wastani na hulisha mito mikubwa ya Asia. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa milima, likiongozwa na Nick Pepin wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, lilikusanya sababu za kufikiri kwamba jibu ni ndiyo.

Sababu ya kwanza ni theluji. Mstari wa theluji ukipanda, ardhi nyeusi iliyofunuliwa humeza mwanga, hupata joto, nayo huisukuma theluji juu zaidi. Ya pili ni mvuke. Aliyewahi kuungua kwa mvuke wa sufuria anajua jinsi mvuke unavyobeba joto na kulitua pale unapogeuka maji. Katika ukanda wetu hewa yenye unyevu hupanda kutoka baharini na kulitua joto lake huko juu, kwa hiyo bahari ikipata nyuzi moja, anga la juu hupata zaidi ya moja. Tena hewa ya kimo kirefu ni kavu. Mvuke kidogo ukiongezeka huwa kama blanketi la kwanza kwa mtu aliyelala bila kitu. Ya tatu ni vumbi na masizi, vinavyoipaka theluji uchafu na kuila mapema.

Sababu ni nzuri. Sasa tazameni namba. Ripoti ya IPCC ya 2019 ilisema milima imekuwa ikipata joto kwa nyuzi 0.3 kila muongo, jumlisha au toa 0.2, wakati dunia nzima ni 0.2, jumlisha au toa 0.1. Wastani unasema milima iko mbele. Ukisoma na kile cha jumlisha-toa, milima inaweza kuwa kwenye 0.1 au kwenye 0.5. Pengo hilo si la mwaka 2100. Ni la miaka iliyokwisha pita, ambayo kila mmoja wetu hapa ameiishi.

Kwa nini tusijue hata yaliyopita? Kwa sababu vituo vimefuata watu, na watu hukaa mabondeni. Tibet vituo vingi viko mashariki, kwenye mabonde. Juu ya mita 5,000 vituo vya kudumu duniani ni vya kutafuta kwa tochi. Sehemu zinazodhaniwa kupata joto upesi ndizo zisizopimwa. Kwa Kilimanjaro, Pepin na wenzake walipanga kuanzia 2004 vipimajoto vidogo vinavyojirekodi, kutoka msituni hadi kileleni, wakaona kwamba joto la ubavu wa mlima na lile la anga huru la kimo hichohicho hayafuatani daima. Mlima una hewa yake. Puto la hali ya hewa linaloruka mbali haliwezi kuusemea.

Kericho, na siku zangu nne

Mfano ulio wazi zaidi wa mashaka ya jana hautoki kileleni. Unatoka kwenye mashamba ya chai ya Kericho, Kenya. Miaka ya 1990 malaria ilirudi kwa nguvu katika nyanda za juu, na wengi wakasema ni joto. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake wakaandika katika jarida la Nature kwamba takwimu za maeneo manne ya nyanda za juu, Kericho likiwemo, hazioneshi mabadiliko ya maana. Ubishi ukawaka. Takwimu zile zilitokana na hesabu ya kujaza ramani: pale pasipo na kituo, joto hukisiwa kutoka vituo vya mbali, vikiwemo vya nchi tambarare. Mwaka 2011 mtafiti wa Kenya Judy Omumbo na wenzake wakarudi kwenye kituo chenyewe cha Kericho, wakasafisha daftari la siku hadi siku la 1979 hadi 2009, wakakuta joto linapanda kwa takribani nyuzi 0.2 kila muongo.

Malaria ina mambo mengi, dawa iliyozoeleka na vijidudu ikiwa mojawapo, nami siifanyi ya joto peke yake. Lakini tazameni kilichotokea. Miaka tisa ya ubishi kati ya watu hodari ilitegemea kama mtu atafungua daftari la mahali penyewe.

Hapa nina la kuungama. Nilipokuwa sekondari, huku kwetu mlimani, shule yetu ilikuwa na kisanduku cheupe cha vipimajoto, kimesimama juu ya miguu minne katikati ya majani, pande zake zina mbao zilizolala mshazari ili hewa ipite na jua lisipite. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alifungua mlango mdogo, akasoma joto la juu la jana na la chini la usiku, akarudisha kipimo sawa, akaandika. Likizo moja zamu ilikuwa yangu. Kulikuwa na harusi kwa mjomba. Nilirudi siku ya tano nikakuta safu nne tupu, na kesho yake mwalimu wetu wa jiografia angekagua. Nikakaa kwenye ngazi za darasa nikazijaza; kwa joto la usiku nikaandika 13.5, 14.0, 13.0, 13.5. Zilifanana sana na siku zilizotangulia. Mwalimu akatia saini. Daftari likapelekwa wilayani.

Nimewahi kusimulia haya wanafunzi wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini mnaona nilichofanya. Nilijaza pengo kwa kukisia kutoka kwa majirani, kazi ileile iliyofanywa na ramani ya Kericho, tofauti ikiwa kwamba ramani ilisema wazi kwamba imekisia. Mapengo ni ya kawaida. Kituo huhamishwa, mwarobaini hukua hadi ukatia kivuli kisanduku, ofisi mpya ya bati hujengwa hatua kumi kutoka kilipo. Haya yote yanaweza kusahihishwa kama yameandikwa. Namba iliyobuniwa na kufanana na kweli haisahihishiki.

Ndiyo maana nawaonea wivu Waaustria. Kwenye mlima Sonnblick, mita 3,106, wana kituo kilichoanza 1886 na bado kinasoma. Kenya ilifungua mwaka 1999 kituo cha kupima hewa kwenye Mlima Kenya, mita 3,678. Thamani ya vituo hivi huja kwa kudumu. Kituo cha miaka mitatu kilichowekwa na mradi kikaondoka na mradi kinatupa picha. Kituo cha miaka thelathini kinatupa mwelekeo. Haba na haba hujaza kibaba, mradi pasiwe na anayetia kokoto ili kijae upesi.

Kuwapa mtihani watabiri

Tukishakuwa na yaliyopita, tunaweza kuwatahini watabiri. Mwaka 2006 Alex Hall na Xin Qu walionesha njia ninayoipenda kwa urahisi wake. Theluji ya nchi za kaskazini hupungua kila majira ya kuchipua jua linapopanda. Walikuta kwamba modeli ambayo theluji yake huitikia joto kwa nguvu katika miezi ile michache ndiyo huitikia kwa nguvu pia katika miaka mia ijayo. Na miezi ile tunaweza kuipima kwa setilaiti. Ukitaka kujua dereva atakavyokuwa njia nzima ya kwenda Arusha, mtazame kwenye mteremko wa kwanza: anayeshika breki kwa pupa hapo atashika kwa pupa mbele. Modeli zilizokosea mteremko mfupi hupewa uzito mdogo, na upana wa majibu unapungua bila kubuni chochote.

Njia hii ina mtego. Ukilinganisha vitu vingi kwa modeli thelathini, viwili vitafuatana kwa bahati tu. Kwa hiyo lazima kuwe na sababu ya kifizikia, kama ile ya theluji na mwanga. Na mtihani wa kaskazini hautufai moja kwa moja. Kilimanjaro haina majira ya kuchipua. Theluji yake huja na kwenda kwa wiki. Mtihani wetu unapaswa kuwa wa kwetu: modeli inalijua wingu la mchana la msituni? Inashusha baridi ya usiku? Inaitikia vuli kama ile ya 2019 jinsi mlima ulivyoitikia?

Kwamba mtihani huleta nafuu, dunia imeonja. Mwaka 1979 kamati ya Jule Charney ilisema kaboni dioksaidi hewani ikiongezeka mara mbili, hatimaye joto litapanda kati ya nyuzi 1.5 na 4.5. Kwa zaidi ya miaka 40 upana huo haukupungua sana, ingawa kompyuta zilikua kupita ndoto za Charney. Ripoti ya 2021 ndiyo iliyoubana hadi kati ya 2.5 na 4. Haukubanwa na kompyuta mpya. Kwa kweli baadhi ya modeli mpya zilipita 5 na zikashukiwa kuwa na joto kupita kiasi. Ulibanwa kwa kuunganisha ushahidi wa aina mbalimbali: mawingu yaliyopimwa, joto la karne iliyopita, na tabianchi ya kale. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini pia kumbukeni aibu. Ripoti ya IPCC ya 2007 ilibeba sentensi kwamba barafu za Himalaya huenda zikatoweka ifikapo 2035. Ilikuwa imepita mkono kwa mkono bila mtu kuuliza ilikotoka. Januari 2010 jopo likakiri kosa. Tarehe tamu husafiri mbali kuliko sharti lake.

Jibu la geti la Machame

Sasa nimjibu kijana wangu. Theluji itaisha lini? Cullen na wenzake, wakitumia ramani za 1912 hadi 2011, walikadiria kwamba sehemu kubwa itakuwa imekwisha kufikia 2040 na mabaki yasivuke 2060. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitatoweka kufikia 2050, dunia ibane gesijoto au isibane. Kwa barafu ya Kibo, basi, mashaka yaliyobaki ni ya muongo gani. Kama itaisha, hilo halina mashaka tena.

Ila kijana, barafu hiyo siyo inayoijaza mifongo, mifereji yetu ya maji. Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu miaka mingi, ameonesha kwamba maji yetu hutoka hasa msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti, na kwamba moto unapoula msitu wa juu hasara ya maji huzidi ile ya barafu kuisha. Oktoba 2020 na Oktoba 2022 tuliona moto huo kwa macho kutoka hapa mjini. Na chini ya msitu kuna kahawa. Utafiti wa mwaka 2015 juu ya arabika ya Tanzania ulikuta kwamba joto la usiku likipanda nyuzi moja, mavuno hupungua kama kilo 137 kwa hekta. Najua mnataka nizidishe hiyo 137 mara 1.8, kisha mara 4.4. Nikizidisha nitarudia kosa la ile tarehe ya barafu ya 2002, nivute mstari bila kuuliza mbuni unakufaje, kivuli cha mgomba kinapunguza nini, na wingu la usiku limekwenda wapi.

Hapo ndipo mashaka yetu makubwa yalipo, na ndipo vipimajoto vyetu ni vichache: kwenye ukanda wa mita 1,000 hadi 3,000, usiku, kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na ukingo wa msitu. Dunia imepanda mlima huu kupima barafu, na tunaishukuru. Usiku wa kihamba tukiupima sisi ndio utapimwa. Shule za huku mlimani ni nyingi. Kisanduku cheupe, daftari, na mwanafunzi wa zamu saa tatu asubuhi si gharama ya kuomba ng'ambo. Gharama yake ni miaka thelathini ya kutoacha siku, na siku iliyoachwa iandikwe kwamba imeachwa.

Daftari letu lina usiku nne ambazo hazikuwahi kuwa na nyuzi 13.5, wala 14. Kila nionapo grafu ya joto la nyanda za juu hukumbuka ngazi za darasa na kalamu mkononi. Ningeziacha tupu, leo zingekuwa mapengo manne ya kweli, na mtaalamu mmoja angejua namna ya kuyazunguka.